Kupima athari ya dozi ndogo za antibiotiki kwa jeni za sumu katika utando (biofilm, tabaka la bakteria walioshikamana) wa Staphylococcus aureus

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi wa uzamili aliyeona jeni ya sumu ya alfa (hla) ikipanda kila alipotumia oksasilini, kwa viwango ambavyo havikujirudia hata mara moja. Wazo lake halikuwa baya, kwa kuwa dawa za jamii ya penisilini kama hiyo, zikiwa chini ya kiwango cha kuzuia ukuaji, huweza kuongeza sumu hiyo, ilhali klindamaisini, inayozuia utengenezaji wa protini, huipunguza.

Hatua ya 1: Dozi. Pima MIC (kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji) ya kila dawa, kisha tumia robo na thumuni yake. Ikiwa bakteria wenye dawa wanakua polepole kuliko wenzao, punguza tena, maana hla hubadilika kufuatana na awamu ya ukuaji, nawe utadhani umepima dawa kumbe umepima uchelewaji.

Hatua ya 2: Utando. Otesha kwa saa 24 katika TSB (mchuzi wa kuoteshea bakteria) yenye glukosi, nyuzi 37. Kiasi cha glukosi kisibadilike, kwa sababu asidi inayotokana nayo hufifisha agr, mfumo wa bakteria wa kuhisi wingi wao, unaoitawala hla.

Hatua ya 3: RNA. RNA nyingi za ujumbe za bakteria hudumu dakika chache tu, hivyo mimina kikingio cha RNA juu ya utando kabla ya kuukwangua. Usitegemee kimeng'enya cha lisozaimu, ambacho ukuta wa bakteria huyu hukihimili. Tumia lisostafini, inayoukata ukuta huo, na mimi huongeza kuponda kwa shanga ndogo za kioo hata pale maelekezo ya kifurushi cha kutolea RNA yanaposema si lazima.

Lililotupotezea siku nyingi ni DNA iliyochanganyika na RNA, ambayo qPCR (kipimo cha kuhesabu nakala za jeni) huihesabu kana kwamba ni ujumbe. Utando huu hushikamanishwa kwa sehemu na DNA iliyomwagwa na seli zilizopasuka, na dozi ndogo za oksasilini huweza kuiongeza. Kwa hiyo uchafu haukugawanyika sawa, bali ulizidi katika sampuli zile zile zenye dawa. Jeni inayosomwa kwa uchache ndiyo hudanganywa zaidi na uchafu wa aina hiyo, na hla katika utando wake ilikuwa hivyo. Tibu RNA kwa DNase (kimeng'enya kinachokata DNA) mara mbili, kisha kwa kila sampuli, wala si moja kwa kundi zima, endesha kipimo kisicho na kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa cDNA (nakala yake ya DNA). Mimi sikubali sampuli ambayo kipimo hicho hakijachelewa angalau mizunguko 10 ya qPCR nyuma ya kile chenye kimeng'enya, yaani DNA isiyozidi takriban sehemu moja kwa elfu ya ishara yote.

Hatua ya 4: qPCR. Tumia jeni rejea (za kulinganishia, zisizobadilishwa na dawa) mbili au zaidi. Simpendekezei mtu 16S (RNA ya ribosomu), kwa kuwa wingi wake ni mkubwa mno ukilinganisha na hla; gyrB, jeni ya sehemu ya kimeng'enya cha gairesi, inafaa kwa oksasilini, lakini iache ukijaribu siprofloksasini, kwani dawa hiyo inailenga gairesi yenyewe.

Hatua ya 5: Sumu yenyewe. RNAIII, RNA inayotengenezwa na mfumo wa agr, huathiri pia kutafsiriwa kwa hla kuwa protini, hivyo wingi wa ujumbe si wingi wa sumu. Chuja majimaji ya juu ya utando, uyapime kwa chembe nyekundu za damu ya sungura, ambazo huathiriwa na sumu ya alfa kwa urahisi kuliko za binadamu, kisha ugawe matokeo kwa idadi ya bakteria hai katika kisima kile kile. Mwanafunzi wangu alipofika hapa, ongezeko la hla lilibaki, ila dogo kuliko lile la awali.