SOMO: Bangkok hadi Singapore ni kilomita ngapi, na ndege inachukua muda gani?

Wakuu, ukiuliza swali hili utaambiwa saa moja na nusu, mwingine atakuambia tatu na nusu. Wote wamesoma tiketi. Tupige hesabu wenyewe, simu yenye kikokotoo inatosha.

Hatua ya 1: Umbali. Uwanja wa Suvarnabhumi wa Bangkok uko latitudo 13.7 Kaskazini, longitudo 100.75 Mashariki. Changi, uwanja wa Singapore, uko 1.4 Kaskazini, 104.0 Mashariki. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 12.3, na kila nyuzi ni kama kilomita 111, kwa hiyo 1,365. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 3.25, kama kilomita 360, maana karibu na ikweta mistari ya longitudo bado haijabanana. Pithagorasi anamalizia (zidisha kila namba kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili): kilomita 1,410 hivi. (Usijaribu hivi kwa Oslo na Helsinki, utapotea.)

Hatua ya 2: Muda. Gawa umbali kwa mwendo wa ndege, kilomita 800 kwa saa, upate saa 1 na dakika 45. Ongeza kama dakika 40 za kutembea uwanjani, kupanda na kushuka. Jumla ni saa 2 na dakika 25.

Hatua ya 3: Saa za miji. Hapa ndipo watu wanapokwama. Tiketi huandika saa ya kila mji. Kuondoka Bangkok 10:00, kufika Singapore 13:25. Ukitoa harakaharaka unapata saa tatu na dakika 25. Lakini Singapore iko mbele kwa saa moja, kwa hiyo ipunguze. Kurudi ni kinyume: 15:00 hadi 16:25, unadhani ndege imepaa kama risasi, kumbe ni saa mbili na dakika 25 zilezile.

Kwa jua, Singapore ingefaa kutumia saa ileile ya Bangkok. Ila tangu Januari 1982 inatumia UTC+8 (saa nane mbele ya saa ya kimataifa), baada ya jirani yake Malaysia kuoanisha saa za Rasi yake na zile za Sabah na Sarawak, majimbo yake ya kisiwa cha Borneo. Ndiyo maana kule jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, ingawa mji uko pua na mdomo na ikweta.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, upepo haubadilishi muda wa kwenda na kurudi, kama Ulaya na Marekani?*
Kidogo sana. Ile mikondo mikali ya juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, tena mbali na ikweta. Hapa tunaruka kaskazini–kusini.

*Nachukua nguo Pratunam, soko la Bangkok, nimeona tiketi ya bei poa imeandikwa DMK. Ni uwanja uleule?*
Hapana, dada. DMK ni Don Mueang, kaskazini mwa mji. Suvarnabhumi ni BKK, upande wa mashariki. Umbali wa kwenda Singapore ni karibu uleule, ila kama unatua BKK kutoka Nairobi au Addis kisha unaunganisha DMK, acha nafasi ya saa nyingi. Foleni ya Bangkok haina adabu, na mizigo utaibeba mwenyewe.

*Na treni je?*
Reli ni karibu kilomita 1,900 na hakuna treni moja ya moja kwa moja. Unapanda hadi Padang Besar mpakani, unabadilisha kuingia Malaysia, unateremka hadi Johor Bahru, ndipo unavuka kuingia Woodlands. Tenga siku mbili.