Unachezesha basketi kwa mara ya kwanza Tanga? Soma hii kabla hujashika filimbi

Mabonanza yakianza hapa Tanga waamuzi huwa hawatoshi, ndo maana vijana wengi wanapewa filimbi kwa sababu tu wanajua kucheza au wanazijua sheria, na kuzijua sheria ni jambo zuri sana ila kuchezesha ni kazi nyingine kabisa. Mchezaji anaangalia mpira. Refa naye akiuangalia mpira, mechi imeshamshinda. Hilo ndo kubwa kuliko yote nitakayoandika hapa, kwa hiyo naanza nalo.

Mwenye mpira anatazamwa na uwanja mzima, we mdogo wangu kazi yako ni beki. Miguu yake imetulia au anasogea kwa ubavu? Mkono uko juu au umeshakaa kiunoni kwa mwenzake? Na ili uyaone hayo lazima usimame pale ambapo unaona uwazi kati yao, yaani mwanga unapita katikati. Ukikaa nyuma ya mgongo wa mtu unaona miili miwili imebanana tu, unabaki kubahatisha, na refa anayebahatisha wachezaji wanamjua ndani ya dakika tano za mwanzo. Hatua moja ya kulia au kushoto inakubadilishia picha yote, kwa hiyo tumia miguu kwanza, filimbi baadaye.

Mechi nyingi za mtaani mnakuwa wawili. Mmoja anatangulia anakaa nje ya mstari wa mwisho karibu na ringi, huyo boksi (lile eneo lililochorwa chini ya ringi) ni lake, msukumano wa chini ni wake. Mwingine anafuata nyuma, anahesabu sekunde 8 za kuvuka nusu ya uwanja, anaangalia mguu wa mpiga pointi tatu umekanyaga mstari au la, na mpira ukiwa hewani anaufuatilia kama kuna mtu kaugusa unashuka. Mkiutazama wote wawili mpira, huku nyuma watu wanapigana viwiko hamna anayeona. Mpira ukigeuka kwenda upande wa pili, refa wa nyuma ndo anakuwa wa mbele, kwa hiyo akimbie saa hiyohiyo, asingoje.

Sasa njoo kwenye mgongano, maana hapa ndo kelele zinapotoka. Beki kasimama chini ya ringi, karuka wima, mikono juu, mshambuliaji kaja na spidi kamvaa kifuani, wote chini, uwanja mzima unalia "faulooo". Hapo beki hana kosa. Kila mchezaji ana sehemu yake ya sakafu na hewa iliyo juu yake, akiruka wima humo ndani ni haki yake. Jiulize mawili tu: kifua kimesogea mbele? Mikono imeshuka? Kama yote hapana, acha mchezo uendelee, na kama mshambuliaji kamsukuma kweli mpaka kamwangusha basi faulo ni ya mshambuliaji, ipige bila kuogopa sura ya mtu. Alafu usikimbilie kupuliza, ngoja kidogo uone mguso ule umemharibia mtu au haujamfanya kitu. Ila mkono wa mpigaji, yaani anayerusha mpira ringini, ukipigwa we puliza tu hata kama mpira umeingia, kikapu kinahesabiwa na anaongezewa mtupo mmoja wa bure. Usipoingia ni miwili, au mitatu kama alikuwa anapiga nje ya mstari wa tatu.

Traveli, yaani kutembea na mpira mkononi bila kuudunda, nayo inaumiza vichwa. Tangu 2017 sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, zinasema mtu aliye kwenye mwendo akiudaka mpira mguu ukiwa chini, mguu ule hauhesabiwi, hesabu inaanza na unaofuata, kisha anapewa mmoja tena. Wazee wetu waliocheza zamani wataona kama kapiga hatua tatu na watakupigia kelele toka jukwaani, na sio kwamba wana nia mbaya, walifundishwa hivyo. We tazama anaudaka lini, hesabu kuanzia hapo. Kama hujauona ule mguu wa mwanzo basi usipige, traveli ya kuhisi ni bora uiache.

Ishara za mikono zifanyie tizi nyumbani mbele ya kioo mpaka zikae, siongezi chumvi. Faulo ni ngumi juu, mkono umenyooka. Kosa lisilo la faulo ni kiganja wazi juu. Ukipiga faulo mwoneshe kwanza aliyefanya, nenda mpaka sehemu ambayo meza ya wanaoandika pointi na faulo inakuona vizuri, SIMAMA, onesha namba, mfano 7 ni vidole vitano mkono wa kulia na viwili wa kushoto, kisha aina ya faulo, kisha ni mitupo mingapi au mpira unaelekea wapi. Usioneshe huku unatembea, yule mwandishi wa mezani mara nyingi ni mwanafunzi kaitwa tu asaidie, akikosea namba moja mtu atatolewa kwa faulo 5 ambazo hajazifanya. Muulize pia faulo za timu kila kota, maana kuanzia ya tano mabeki wakifanya faulo ni mitupo miwili hata kama mtu hakuwa anapiga.

Kabla ya mechi fika mapema, kisheria mamlaka yako yanaanza dakika 20 kabla. Tembea uwanja wote. Viwanja vyetu vya wazi vina mistari ya netiboli na voliboli juu ya ile ya basketi, mingine imefutika, kwa hiyo waite manahodha muelewane mstari upi ni upi. Mchanga ukiwepo kwenye boksi ufagiliwe, watu wanateguka vifundo kwa uzembe wa ufagio. Mpira udondoshe toka usawa wa kichwa, urudi mpaka kiunoni hivi. Filimbi tafuta isiyo na kokwa ndani, ile yenye kokwa ikiingia mate na jasho la joto letu inakwama. Na saa izingatie, mechi yenye kota nne za dakika 10 pamoja na kusimama kusimama inakula saa moja na nusu, ukianza saa kumi na nusu mnamaliza kabla ya adhana ya Magharibi, ukichelewa giza litakukuta kota ya nne ndo watu wamepandisha presha.

Makocha wasalimie mapema, shikamoo kwa anayestahili, kisha mechi ikianza wajibu kwa kifupi. Kochi akiuliza kwa adabu mjibu, "kochi, mkono ulishuka", inatosha. Akiendelea mpe onyo moja la wazi. Akivuka hapo ni tekniko, yaani faulo ya utovu wa nidhamu, mtupo mmoja kwa wenzao na mchezo unaendelea, piga kwa sura ileile uliyopigia traveli, bila hasira na bila kumfuata alipo. Akirudia tena mpaka afikishe ya pili anaondoka, hapo hamna mjadala.

Filimbi ya mwisho ikilia usiondoke kwanza. Nenda mezani, hakiki pointi kota kwa kota, waamuzi wengine wasaini, mwamuzi mkuu asaini wa mwisho, maana sahihi yake ndo inafunga mechi na baada ya hapo hakuna cha kubadilisha. Kisha ondokeni wote wawili pamoja, na kama kuna maamuzi mmepishana yazungumzeni mkishatoka uwanjani, sio pale mbele za wachezaji.