Namna ya Kusali Pamoja na Wamonaki kwa Siku Nzima

Mgeni anayefika katika abasia, yaani makao ya watawa, ya Wabenedikto nchini Tanzania, iwe Peramiho, Ndanda, Hanga au Mvimwa, anaweza kusali na watawa bila kuwa mmoja wao, kwa maana Mtakatifu Benedikto aliagiza katika sura ya 53 ya Kanuni yake, yaani mwongozo wake wa maisha ya watawa, kwamba wageni wote wapokewe kama Kristo mwenyewe. Linalompasa ni kujua siku inavyokwenda na, zaidi ya hapo, kujua mahali pa kunyamaza.

Kwanza mwombe mtawa anayepokea wageni akupe ratiba, kwani saa hutofautiana kati ya nyumba na nyumba. Kanuni, iliyoandikwa karne ya 6, inataja sala moja ya usiku na saba za mchana, kwa kufuata Zaburi ya 119: "Mara saba kila siku nakusifu." Siku hizi baadhi ya vipindi huunganishwa, na kwa kawaida utakuta sala ya alfajiri yenye masomo marefu, Masifu ya Asubuhi, Misa, sala fupi ya mchana, Masifu ya Jioni na sala ya kufunga siku.

Jitahidi kuwahi. Hata hivyo, ukichelewa alfajiri usirudi kulala: Benedikto alitaka zaburi ambayo katika Biblia zetu ni ya 95 iimbwe polepole, ili ndugu aliyezidiwa na usingizi afike kabla ya "Atukuzwe Baba", sifa inayofunga zaburi. Naona huruma kubwa katika agizo hilo dogo.

Zaburi huimbwa na pande mbili zinazopokezana. Tambua kwanza uko upande gani, kisha sikiliza zaburi nzima ya kwanza kabla ya kufungua kinywa. Katikati ya kila mstari kuna alama ya nyota, na hapo wote hunyamaza kwa muda wa pumzi moja. Siku yangu ya kwanza niliipita nyota hiyo, sauti yangu ikasikika peke yake kanisa zima. Mzee aliyeketi kando yangu hakunitazama, alinisogezea kitabu chake tu, akaweka kidole juu ya nyota. Tangu hapo nimeamini kwamba pumziko lile ni sehemu ya sala sawa na maneno yenyewe. Imba chini kidogo ya sauti ya jirani yako, hivi kwamba uweze kumsikia. Ikifika "Atukuzwe Baba", inama pamoja nao. Wimbo wa Zakaria asubuhi au wa Bikira Maria jioni unapoanza, simama na ufanye ishara ya msalaba.

Kama unasaidia bustanini, kengele ikilia weka jembe chini, hata kama tuta limebaki hatua mbili. Sura ya 43 ya Kanuni inataka mtawa aache chochote alichoshika na aende kwa haraka yenye heshima, kwa kuwa hakuna kinachotangulizwa mbele ya Kazi ya Mungu, yaani sala hizi za pamoja.

Kwa sala ya mwisho Benedikto alipanga zaburi zilezile kila usiku, ya 4, ya 91 na ya 134, kwa hiyo baada ya siku chache utaziimba bila kitabu. Ukitoka hapo usizungumze na mtu wala kupiga simu. Kimya hicho hudumu mpaka sala ya alfajiri.