Kusubu alumini yenye silikoni kabaidi kwa tanuri la mkaa

Tumia pistoni chakavu za gereji, si sufuria. Pistoni nyingi zina silikoni asilimia 11 hadi 13, na hiyo huzuia alumini isile unga wako wa silikoni kabaidi (punje ngumu zinazoongeza ugumu wa alumini). Sufuria ni alumini karibu tupu. Ng'oa pete na pini, osha grisi, kausha.

Vipimo: pistoni kilo 2, unga wa silikoni kabaidi wa mikroni (elfu ya milimita) 30 hadi 45 gramu 222 (karibu asilimia 10 ya mchanganyiko), magnesiamu gramu 20.

Yeyusha hadi nyuzi 720, engua takataka, tumbukiza kidonge cha kutoa gesi. Kidonge ni kabla ya unga tu. Baadaye viputo vyake huubeba unga juu.

Sasa unga, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Unga mbichi haushiki: alumini huukwepa, ukabaki juu kama majivu. Uchome kwenye bakuli la kauri, nyuzi 950 kwa saa 2, tabaka lisizidi sentimita 1, ukiupindua kila nusu saa. Unyevu hutoka, kila punje huvaa ngozi nyembamba ya silika (oksidi ya silikoni), na magnesiamu ikikutana na ngozi hiyo ndipo alumini inaposhika. Kwa Dodoma, kiangazi ndicho msimu wa kazi hii. Januari mkaa na unga vyote huvuta unyevu, kwa hiyo choma siku hiyo hiyo na uutunze kwenye nyuzi 300 hadi utakapoutia.

Funga magnesiamu kwa karatasi ya alumini, izamishe hadi chini kwa koleo lililopashwa moto. Ukiitupa juu itawaka bure. Koleo lenye unyevu hulipua chungu, usicheze hapo.

Pangaboi la kukorogea lipakwe zirkonia (kauri inayostahimili moto). Chuma kitupu huyeyukia humo na kuifanya alumini iwe dhaifu. Liweke theluthi mbili ya kina, mizunguko 450 kwa dakika. Kimbunga kikiwa kirefu mno kinameza hewa, punguza mwendo. Tia unga gramu 20 kwa dakika, usimwage. Ukijikusanya juu, simama kwanza, usiongeze moto: zaidi ya nyuzi 750 hujitokeza kabaidi ya alumini, ambayo baadaye huharibiwa na unyevu.

Koroga mpaka sekunde ya mwisho, maana unga ni mzito na huzama. Mimina kwenye kalibu ya chuma yenye nyuzi 250.

Kupima: mimi huanza na uzito kwa ujazo, si ugumu. Pima kipande hewani, kisha ndani ya maji yaliyotoneshwa (ya kisima yana chumvi). Ikiwa pistoni peke yake ni gramu 2.70 kwa sentimita ya ujazo na unga 3.21, mchanganyiko ungepaswa kuwa 2.744. Ukipata 2.66, una matundu asilimia 3. Kisha Brinell, kipimo cha ugumu kwa alama ya gololi iliyokandamizwa: gololi ya milimita 10, mzigo kilo 500, alama tano juu na tano chini ya kipande. Chini kukiwa kugumu kuliko juu, unga ulizama.