Jinsi ya kuomba dawa kinga ya VVU ukiwa idara ya dharura, Mtwara na Lindi

Ijumaa moja ya msimu wa korosho, saa tatu usiku, kijana wa bodaboda wa mtaani kwetu alimkuta mwenzake kaanguka barabarani, damu zinamchuruzika. Akambeba hadi hospitali. Kiganja chake mwenyewe kilikuwa kimepasuliwa na kioo cha taa ya pikipiki. Walimshona nyuzi nne, wakampiga sindano ya pepopunda, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza damu ya nani ilikuwa imeingia kwenye kidonda kile, na yeye hakujua kama kuna kitu cha kuomba. Jumatatu mchana aliponisimulia nikamwambia arudi hospitali saa ileile. Alimeza kidonge cha kwanza saa tisa alasiri. Ilikuwa saa ya 66, na mwisho ni saa ya 72.

Zile saa sita zilizobaki ndizo zimenifanya niandike mwongozo huu.

Dawa yenyewe inaitwa PEP. Ni ARV zilezile wanazotumia wanaoishi na VVU, ila wewe unazimeza kwa siku 28 tu ili virusi visipate nafasi ya kuota mizizi mwilini. Kadiri unavyoanza mapema ndivyo zinavyokinga vizuri. Saa 72 ni ukuta wa mwisho, kwa hiyo ukijua leo usiku usingoje kesho asubuhi.

Wa kuomba ni aliyebakwa, aliyepasukiwa na kondomu akiwa na mtu asiyejua hali yake, aliyechomwa na sindano iliyotumika, aliyekatwa na wembe uliomkata mwingine, na aliyeingiwa na damu ya mtu kwenye kidonda, jichoni au mdomoni. Mhudumu wa usafi aliyechomwa na sindano akibeba taka za wodini yumo pia, na tukio lake liandikwe kwenye rejista ya kazini. Jasho, mate, kula sahani moja na kuumwa na mbu havihusiki. Usiwe na hofu kupita kiasi: katika watu 1,000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mwenye VVU, wanaoambukizwa bila kinga ni takriban 3. Lakini hujui kama wewe si mmoja wa hao watatu.

Kabla ya kutoka nyumbani, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikikamue wala usimwagie dawa ya madoa. Jicho lisafishe kwa maji matupu. Aliyebakwa afanye kinyume chake: asioge, asibadili nguo, na kama ameshabadili azibebe zile za mwanzo kwenye mfuko wa karatasi, maana mfuko wa nailoni huziozesha na ushahidi ukaharibika.

Sasa uende wapi? Hapa wengi wanakosea. Wanasikia ARV, wanafikiria CTC, ile kliniki ya wanaoishi na VVU, wanakuta mlango umefungwa kwa sababu ni Jumamosi, wanarudi nyumbani kusubiri. Nenda dharura, maana inafanya kazi usiku na mchana. Mtwara mjini kuna Ligula na Hospitali ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, na Lindi mjini kuna Sokoine. Ukiwa Masasi nenda Mkomaindo au Ndanda, ukiwa njia ya Lindi kwenda Masasi kuna Nyangao, na Kilwa kuna Kinyonga. Wa Liwale, Newala, Tandahimba na Nachingwea waanzie hospitali ya wilaya yao. Usipoteze saa nane barabarani, hasa masika, ukitafuta hospitali kubwa wakati dozi ya kuanzia inaweza kupatikana karibu. Wakisema hawana, waombe wapige simu huko wanakokutuma kabla hujapanda gari.

Ukifika, utakutana kwanza na nesi anayepima presha na joto ili ajue nani ahudumiwe kabla ya nani. Mwambie yeye, usisubiri daktari, kwa sababu mtu anayetembea mwenyewe, hana homa na havuji damu, anaonekana anaweza kusubiri. Na pale dirishani nyuma yako kuna foleni ya watu, labda yumo jirani yako. Sema hivi kwa sauti ya chini: "Samahani sista, nina jambo la haraka, naomba tuongee pembeni." Mkishakuwa pembeni: "Jana saa mbili usiku niliingiwa na damu ya mtu kwenye kidonda. Naomba PEP." Taja saa ya tukio na taja jina la dawa. Ukisema tu "nimeumia mkono", watakutibu mkono.

Kama ulikuja kwa ajali au kipigo utasikia habari ya PF3 ya polisi. Fomu hiyo ina umuhimu wake kwenye kesi, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kuisubiri. Anza dawa, fomu ifuatwe na ndugu. Kwa aliyebakwa, polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na hospitali nyingine zina kituo cha Mkono kwa Mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja. Mtoto akifanyiwa ukatili unaweza pia kupiga 116 bila malipo.

Kisha utapimwa VVU. Wanakutoboa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo, na majibu hayachukui muda. Kipimo hiki kinaonyesha hali uliyokuwa nayo kabla ya tukio, si kilichotokea jana. Majibu ni siri yako kwa mujibu wa sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, na tangu marekebisho ya 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kuridhia kupima mwenyewe. Ukikutwa tayari una VVU, PEP haikuhusu; unaanzishiwa matibabu ya kudumu, na hapo ndipo CTC inapoingia. Usikubali kuondoka na majibu hayo bila kuunganishwa nao.

Kuna mambo lazima umwambie daktari hata asipouliza: kama una mimba au unanyonyesha, kama una ugonjwa wa figo au homa ya ini, kama unatumia dawa za kifua kikuu. Dawa za kifua kikuu zinapunguza nguvu ya dolutegravi, mojawapo ya dawa tatu zilizo ndani ya kidonge kinachotolewa zaidi. Hata vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu, na zile dawa za kutuliza tumbo zenye magnesiamu tunazonunua duka la dawa bila kufikiri, zinaigonga. Meza kidonge cha PEP saa mbili kabla yake, au saa sita baada yake. Mwanamke aliyebakwa aulize papo hapo dawa ya kuzuia mimba, nayo haingoji. Uliza pia kinga ya magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini B.

Kidonge cha kwanza kimeze hapohapo, mbele ya nesi. Ukipewa vichache vya kuanzia, usitoke mlangoni bila tarehe na namba ya chumba cha kuchukulia vilivyobaki. Wakuandikie hata nyuma ya kadi. ARV kwenye vituo vya serikali hazilipiwi. Ukidaiwa hela ya faili na huna, omba ustawi wa jamii wa hospitali, usirudi nyumbani. Na ukiambiwa "hapa hatutoi" bila kuelekezwa popote, omba kuonana na mganga wa zamu, kwa adabu lakini bila kuondoka.

Chupa ya vidonge hulia ukiitikisa, na wengi wanaacha dawa kwa aibu ya mlio huo kwenye daladala. Weka pamba ndani. Ni kidonge kimoja kwa siku, saa ileile. Kikikukosesha usingizi, hamishia asubuhi. Kichefuchefu cha siku za mwanzo hupungua. Ukisahau, meza unapokumbuka, usimeze viwili kwa mpigo. Siku hizo zote, mpaka upime tena, tumia kondomu na usitoe damu.

Rudi kupima wiki ya sita na mwezi wa tatu. Kama hatari yako ni ya mara kwa mara, siku hiyo uliza kuhusu PrEP, dawa inayotumiwa kabla ya tukio, badala ya kuhesabu saa kila mara.

Kijana wetu alirudi mara zote mbili. Mara ya mwisho nilimsindikiza, kadi yake kaikunja ndani ya kava la simu, kovu la nyuzi nne likionekana kiganjani alipoitoa dirishani. Majibu aliyapokea mwenyewe.