Dawa ya kulewa bahari kwa wavuvi wa Mkondo wa Pemba

Ukitoka Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, kuvua nduaro (samaki mkubwa wa mdomo mrefu kama mkuki), dawa meza ukiwa bado nchi kavu. Ukingoja kichefuchefu kianze, utaitapika. Mimi huchagua sinarizini: mtu mzima miligramu 30, saa mbili kabla ya kung'oa nanga, kisha 15 kila baada ya saa nane. Promethazini nayo nzuri, ila inalaza mno, na mtu anayesinzia huku nduaro anavuta mshipi naona ni hatari. Hiyo wageni wangu huimeza usiku wa kuamkia safari, bila pombe. Mjamzito, au anayetumia dawa nyingine, amuulize kwanza mfamasia. Tangawizi mbichi tafuna taratibu, lakini kusi ikivuma usiitegemee peke yake. Chomboni kaa shetri, yaani upande wa nyuma, mbali na moshi wa mashine, ukitazama upeo wa bahari.