SOMO: Talaka ya mahakamani Tanzania Bara, na namna ya kupata wakili asiyekula hela yako bure

Naandika hili mara moja tu. Kila wiki napata ujumbe uleule: "Dada, nataka kuachana na mume wangu, nianzie wapi?" Nikishajibu, kesho anakuja mwingine na swali lilelile. Kuanzia leo ukiniuliza nitakutumia hapa.

Mimi si wakili. Nilipita njia hii mwenyewe, nikaanguka katikati, nikainuka. Tangu hapo nimewasindikiza ndugu na majirani wengi mpaka karani mmoja akadhani nalipwa. Ninayosema ni ya Bara, chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Zanzibar sheria hii haiwahusu, mnaye kadhi wenu, msinigombeze.

Hatua ya 1. Tafuta cheti cha ndoa. Kimepotea na ndoa ilisajiliwa? Ulizia nakala RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na ndoa.

Hatua ya 2. Hesabu umri wa ndoa. Kama haijatimiza miaka miwili, unaanza kwa kuomba ruhusa ya mahakama.

Hatua ya 3. Baraza. Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo kaa vizuri usome.

Ukiacha wachache nitakaowataja kwenye maswali, huwezi kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapita kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kuwasuluhisha. Kata zina mabaraza, na jumuiya za dini zilizokubaliwa zina ya kwao, mfano BAKWATA, la Waislamu. Utakuta mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, wasiozidi watano. Wakili haingii humo. Mtasikilizwa, mtasemwa, pengine mtarudishwa nyumbani mkajaribu tena. Ikishindikana mnapewa hati, ile watu wanayoiita Fomu Namba 3.

Hati niliipata. Nikaitia kwenye begi la vyeti chini ya kitanda, nikaanza kuchanga hela ya wakili. Nikampata mmoja, akachukua malipo ya kwanza, akaniambia, "Tulia mama, nitakupigia." Nikatulia kweli. Nilipokuja kushtuka, shauri limefunguliwa mwezi wa nane tangu tarehe ya hati. Upande wa pili walisimama na hoja moja tu: kifungu cha 106 kinataka hati isizidi miezi sita siku ya kufungua. Shauri likaondolewa asubuhi hiyohiyo. Habari za vipigo hata hazikuguswa. Nikarudi barazani, mbele ya wazee walewale, kueleza aibu zangu mara ya pili, na yule mzee wa pembeni akaniuliza, "Si ulishaachika wewe?"

Kwa hiyo shika haya:

Siku unayopewa hati, hesabu miezi sita na uiandike tarehe ya mwisho ukutani, kwenye simu, popote utakapoiona kila siku. Nenda barazani ukiwa tayari umeshajua utafungua wapi na kwa hela gani.

Angalia baraza ni la wapi. Kama si baraza la jumuiya yenu nyote wawili, ni la kata anakoishi mume. Kina dada wengi wakirudi kwao wanakwenda baraza la kata ya wazazi, kisha wanashangaa hati inapingwa.

Isome hati kabla hujatoka mlangoni. Lazima iseme wazi kwamba baraza limeshindwa kuwasuluhisha. Nimeona karatasi imeandikwa "tunamleta kwenu mama huyu kwa msaada zaidi". Hiyo ni barua ya kumtambulisha mtu, na shauri linaweza kufia hapo. Barua ya mjumbe au ya mchungaji wako peke yake nayo ni hivyohivyo, hata iwe na mhuri mkubwa namna gani.

Mwenzako akiitwa akakataa kwa makusudi kufika, hajakufunga. Sheria inakuruhusu kuendelea. Hakikisha tu baraza linaandika kwamba aliitwa na hakuja.

Hatua ya 4. Chagua mahakama. Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu zote zina mamlaka, hata kama mlifunga ndoa kanisani au bomani. Kwa Dar es Salaam kuna Kituo Jumuishi cha Temeke kinachoshughulikia mambo ya familia. Kama mali ni nyumba moja na vyombo, na ugomvi unaeleweka, Mahakama ya Mwanzo inatosha, na wengi hufika hapo bila wakili wakamaliza.

Hatua ya 5. Wakili. Mtafute pale palipo na mzigo: kampuni, viwanja vingi vyenye majina ya watu wengine, mwenza aliye nje ya nchi, au upande wa pili wameshaweka wakili. Kabla ya kutoa hata shilingi, ingiza jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, uone kama yuko kwenye orodha na leseni yake ya mwaka huu ipo hai. Vishoka wamejaa nje ya mahakama, wana tai na mabegi mazuri kuliko mawakili wenyewe. Halafu muulize haya, naye ajibu kwa maandishi: ada ni ya kuandika hati tu au mpaka hukumu? Kila siku ya kesi inalipiwa tena? Rufaa imo? Nani ataingia mahakamani, yeye au kijana wake? Dai risiti, na dai namba ya shauri mara tu likifunguliwa. Anayekuahidi "nyumba utapata yote" mkimbie, hajaona hata karatasi moja.

Hela huna? Kuna TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), kuna Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC), kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua pia wasaidizi wa kisheria walioko huko wilayani. Nenda na karatasi zako zote, usiende na machozi peke yake.

Hatua ya 6. Sababu. Mahakama inatafuta jambo moja: ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika? Uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kutelekezwa kwa makusudi si chini ya miaka mitatu, kutengana kwa hiari miaka mitatu, hizo ni miongoni mwa dalili zilizotajwa. Leta PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), jumbe za simu, na jirani aliyesikia kelele. "Hatuelewani" bila mfano hata mmoja ni maneno ya kijiweni.

Hatua ya 7. Watoto na mali viombe humohumo kwenye shauri la talaka. Mtoto wa chini ya miaka saba sheria inadhania ni heri akae na mama, ila dhana hiyo hupinduliwa kwa ushahidi. Mali inayogawanywa ni ile mliyochuma kwa nguvu za pamoja.

Hatua ya 8. Hukumu ikitoka chukua nakala ya hukumu na ya amri ya talaka, kisha talaka isajiliwe RITA.

MASWALI

Kijana wa Ubungo: Dada asante. Sasa naweza kwenda mahakamani moja kwa moja bila kurudi barazani?

Jibu: Hatua ya 3.

Kijana wa Ubungo: Nimesoma juu juu, niko kazini.

Jibu: Basi isome ukitoka kazini. Ndiyo ndefu kuliko zote, haikufichika.

Zuhura: Mume wangu kanitumia talaka tatu kwenye simu usiku wa manane. Je, tumeachana?

Jibu: Pole mdogo wangu. Kidini muulize sheikh wako, hapo mimi sina mdomo. Kisheria bado ni mke wake mpaka mahakama iseme. Ila ndoa ya Kiislamu ina njia yake kwenye kifungu cha 107: mkipita barazani, baraza likathibitisha kushindwa, kisha mmoja wenu akafanya lile linalovunja ndoa kwa sheria ya Kiislamu, mahakama inatoa talaka. Angalia mpangilio: baraza kwanza, tamko baadaye. Wengi wanatamka kwanza, kisha wanahangaika. Nenda baraza la BAKWATA na ujumbe huo usiufute.

Mzee wa Busara: Nyie ndio mnaovunja ndoa za watu. Badala ya kufundisha uvumilivu mnafundisha kesi.

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Hatua ndefu kuliko zote hapo juu ni ya usuluhishi. Waliosuluhishwa hawahitaji somo hili na nawaombea heri. Mimi nilivumilia miaka kumi na moja, sitaki kuifungua hapa.

Msafiri wa Tanga: Naomba busara yako. Mke wangu alikwenda Oman kufanya kazi za ndani, huu mwaka wa nne. Mwaka wa kwanza alituma hela, sasa hata simu hapokei. Baraza litamwitaje mtu aliyeko Muscat?

Jibu: Swali zuri, wacha nilijibu taratibu. Sheria ina watu wasiolazimika kupita barazani. Mmoja ni yule ambaye mwenza wake anaishi nje ya nchi na haielekei ataingia ndani ya miezi sita ijayo. Mwingine ni yule aliyetelekezwa na hajui mwenzake aliko. Kwa hiyo unaweza kuomba moja kwa moja, ukieleza hayo kwenye maombi yako na kuyathibitisha. Halafu kuna wito: mkishindwa kumfikia kwa kawaida, omba mahakama iruhusu njia mbadala kama tangazo gazetini.

Angalizo ndugu yangu: kwenda kazini kwa makubaliano yenu peke yake si kutelekeza. Miaka mitatu haihesabiwi toka siku alipopanda ndege ukiwa umembebea begi. Utapaswa kuonyesha alikata lini mawasiliano na kwamba alikusudia. Kusanya risiti za mwisho alizotuma na jumbe zako zisizojibiwa. Hapa ndipo ningelipa wakili. Na kabla ya yote, hakikisha kwa ndugu zake kwamba mtu huyo yuko salama. Wapo waliodhaniwa wamekimbia kumbe simu wamenyang'anywa na mwajiri.

Msafiri wa Tanga: Hilo la mwisho sikuliwaza. Nitampigia dada yake kesho.

Mama Kulwa: Mie hatukufunga ndoa. Tumekaa miaka tisa, watoto wawili.

Jibu: Kifungu cha 160: mkikaa pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kama mke na mume, sheria inadhania ndoa. Dhana hiyo inaanguka, kwa mfano, akitokea mke wa ndoa ya kanisa ambayo bado ipo. Hata ikianguka, mahakama inaweza kutoa nafuu, pamoja na matunzo na malezi ya watoto. Je, ana mke mwingine? Anza kujibu hilo kwanza.

Mwanafunzi Mzumbe: Tumefundishwa kwamba mama wa nyumbani anapata nusu kwa sababu ya kesi ya Bi Hawa Mohamed. Ni kweli?

Jibu: Nusu haimo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Nyalali, ilisema kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Hilo lilikuwa jambo kubwa na linatumika mpaka leo. Lakini kila anayeitaja kesi hiyo anasahau mwisho wake: Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa mume alikwisha kumpa fedha za mradi wa familia na ikaonekana amezitapanya. Isome mwenyewe TanzLII, tovuti ya hukumu za Tanzania, ni bure. Mgawo unafuata mchango uliothibitishwa, na hapo ndipo risiti za saruji na taarifa za M-Pesa zinapookoa watu.

Mwana wa Mvita: Huku Mombasa mambo ni hayahaya?

Jibu: Sheria ni nyingine kabisa. Kwenu kuna Sheria ya Ndoa ya 2014 na Sheria ya Mali za Ndoa ya 2013, na Kadhi mnaye kikatiba.  Januari 2023 Mahakama yenu ya Juu nayo ilisema nusu kwa nusu haiji yenyewe, unathibitisha. Zaidi ya hapo muulize wa kwenu.

Bint Mrisho: Mume anatafuta mteja wa nyumba kimyakimya huku kesi inaendelea. Nifanyeje?

Jibu: Kifungu cha 59: nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ipo. Kama ina hati, weka zuio kwa Msajili wa Hati wiki hii. Kama haina hati, peleka barua serikali ya mtaa, kwa kuwa mauziano mengi hupita kwa mwenyekiti, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kisha mwambie wakili aombe amri ya zuio ya muda.

Bint Mrisho: Mwenyekiti ni rafiki yake.

Jibu: Ndiyo maana nikasema mhuri. Akikataa kupokea, nenda na mtu wa pili kama shahidi, kisha upeleke nakala kwa mtendaji wa kata.

Kijana wa Ubungo: Nimesoma sasa yote. Hati yangu ina miezi mitano na wiki mbili. Wakili anasema tungoje mke arudi safari.

Jibu: Mke hahitajiki siku ya kufungua, ataitwa baadaye kwa wito. Mpigie wakili leo umwombe namba ya shauri, usikubali "tunaendelea". Isipopatikana mpaka Ijumaa, chukua faili lako na hati halisi, Jumatatu saa mbili asubuhi uwe kwa karani wa Mahakama ya Mwanzo.